Ukambi Ukiingia Katika Boma la Watu Wengi

(Muziki wa kufungua, kisha unapungua)

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu. Kama kuna jirani, mwite. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, yule mnayemwita sista, na leo nataka tuzungumze juu ya ukambi. Wengine huuita surua. Ni ugonjwa mmoja.

Lakini leo sitaanza na dalili. Nitaanza na boma moja.

Mnajua historia ya huku kwetu. Baada ya uhuru, mashamba mengi makubwa ya walowezi hapa Trans Nzoia yaliuzwa. Watu walichanga pesa, wakaunda ushirika au kampuni, wakanunua shamba kwa pamoja. Wengi waligawana ekari, kila mtu akajenga kwake. Lakini hata leo wapo watu wanaochagua kuishi pamoja: makundi ya maombi, nyumba za watoto, familia zinazolima shamba moja na kula kutoka ghala moja.

Boma ninalolisema ni la namna hiyo. Sitataja jina wala kata, kwa sababu siri ya mgonjwa ni siri. Ni familia nyingi zilizokubaliana kuishi kama ukoo mmoja. Kisima ni kimoja, jiko la mchana ni moja, kengele ni moja. Watoto wadogo hulala katika nyumba mbili kubwa, wakitunzwa na akina mama kwa zamu. Ni maisha mazuri. Mjane hakosi unga. Mama aliyejifungua hapiki mpaka apate nguvu.

Lakini ugonjwa wa kuambukiza unapenda mahali kama hapo. Ukambi husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya ndani ya nyumba, virusi vinaweza kubaki hewani hata saa mbili baada ya yeye kutoka. Mahali ambapo watu hawana kinga, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Na ubaya wake ni huu: anaanza kuambukiza wengine siku nne kabla vipele havijatokea, wakati wewe bado unafikiri ni homa ya kawaida. Anaendelea mpaka siku nne baada ya vipele kutokea.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Msichana mmoja mdogo alitoka kuwatembelea jamaa upande wa Bungoma. Akarudi na homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu. Akalala na wenzake kama kawaida. Siku ya nne vipele vikaanza nyuma ya masikio, vikashuka usoni, kisha mwili mzima. Mama yake na nyanya yake walijua mara moja kwamba ni ukambi. Je, walituita? Hapana. Walimficha chumba cha ndani kwa siku sita.

Kwa nini walimficha? Hapa ndugu zangu lazima niseme ukweli, ingawa unaniuma. Kosa lilikuwa langu. Miezi michache kabla, mama huyu alikuja kliniki akiwa amepoteza kijitabu cha Mama na Mtoto, na mtoto hakuwa amepata chanjo ya pili. Nilikuwa nimechoka, foleni ilikuwa ndefu. Nikamgombeza mbele ya akina mama wenzake. Nikamwambia, "Wewe ni mama wa aina gani?" Hakujibu. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda. Hakurudi tena.

Kwa hivyo ukambi ulipoingia nyumbani kwake, aliogopa ugonjwa, lakini alimwogopa sista zaidi.

Siku hizo sita zilikuwa na maana kubwa. Mtoto ambaye hajachanjwa, akikaa karibu na mgonjwa wa ukambi, chanjo inaweza bado kumsaidia kama ataipata ndani ya saa 72, yaani siku tatu. Mhudumu wa afya ya jamii aliponiletea habari, siku tatu zilikuwa zimepita zamani. Siku kumi hivi baadaye, wenzake waliolala chumba kimoja naye wakaanza kuchemka mwili. Watoto saba waliugua.

(Muziki mfupi)

Mzee wa boma alipiga kengele. Watu wote walikusanyika chini ya mti. Nilitarajia atatafutwa mtu wa kulaumiwa. Kabla mtu yeyote hajasema, niliomba ruhusa, nikasimama, nikamwomba yule mama msamaha mbele ya wote, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu. Alilia, nami nikalia. Kisha nyanya mmoja akasema, "Haya, machozi yametosha. Watoto wako wapi?" Tukaanza kazi.

Nataka mjue walichofanya, kwa sababu hata kama wewe huishi katika boma kama hilo, unaweza kukifanya katika mtaa wako, katika ploti yako ya nyumba za kupanga, au katika kikundi chako.

Kwanza, waliwatenga wagonjwa bila kuwatupa. Nyumba ya wageni ilifanywa nyumba ya wagonjwa, madirisha wazi, hewa ikipita. Waliochaguliwa kuwahudumia ni watu wazima waliowahi kuugua ukambi au waliochanjwa. Mtu aliyewahi kuugua ukambi kwa kawaida hapati tena. Mama mjamzito ambaye hana kinga hakuruhusiwa kuingia, kwa maana ukambi unaweza kuharibu mimba.

Pili, na hili ndilo lililonifundisha mimi, waliamua kwamba familia yenye mgonjwa itapelekewa maziwa, mayai na kuni kila siku, na shamba lake litapaliliwa na wengine. Mnaona hekima hiyo? Mtu huficha ugonjwa akijua kwamba akisema atapoteza kibarua, atakosa chakula, na atachekwa. Akijua kwamba akisema atasaidiwa, atasema mapema. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyefichwa. Hata mwenye mafua ya kawaida aliletwa!

Tatu, walifunga mlango wa kuingia na kutoka. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa wageni ambao ulikuwa umepangwa. Waliuahirisha, ingawa ng'ombe wa kuchinjwa alikuwa tayari amenunuliwa. Watoto hawakwenda shule ya jirani mpaka tulipokubaliana.

Nne, waliandika jina la kila mtoto, umri wake na chanjo alizopata. Tulileta chanjo mpaka pale bomani. Hapa Kenya mtoto hupata chanjo ya ukambi na rubela mara mbili, akiwa na miezi 9 na akiwa na miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo wengi husahau, kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia na mama anafikiri kliniki imekwisha. Mama, haijakwisha. Wakati wa mlipuko, hata mtoto wa miezi 6 anaweza kupewa dozi ya dharura, lakini dozi hiyo haihesabiwi. Bado atahitaji ile ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Katika vituo vya serikali chanjo hizi ni za bure.

Kulikuwa na familia chache ambazo imani yao haikubali chanjo wala dawa. Sikubishana nao. Mzee aliwauliza swali moja tu: "Je, mnakubali kwamba mtoto wenu akipata homa mtatuambia siku hiyo hiyo, na mtakaa kwenu?" Walikubali. Baadaye, baada ya kuona yaliyotokea, baadhi yao walileta watoto wenyewe. Wengine hawakuleta. Bado tunasalimiana, na bado ninapita kwao. Mlango nikiufunga leo, kesho hawatanifungulia wao.

Sasa niwaambie mambo mawili ambayo hayakwenda vizuri.

Mtoto wa miezi 7, ambaye umri wake wa chanjo haukuwa umefika, alianza kupumua haraka usiku. Mbavu zilikuwa zinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Hiyo ni nimonia, na ukambi mara nyingi huua kwa kuleta nimonia. Gari la kubeba mahindi lilimpeleka hospitali usiku huo huo. Alilazwa, akapona. Kama wangengoja asubuhi, sijui kama ningekuwa nawaambia hivyo.

Mtoto mwingine alitiwa maji ya majani machoni kabla hatujafika, ili macho yasafike. Aliyefanya hivyo alimpenda. Leo mtoto huyo anakwenda shule, lakini jicho moja halioni. Akina mama, nawasihi: usitie kitu chochote katika jicho la mtoto mwenye ukambi. Si majani, si maziwa ya mama, si dawa ya jirani. Futa macho kwa kitambaa safi na maji safi, kisha mpeleke kituoni. Huko atapewa vitamini A, dozi ya leo na dozi ya kesho. Vitamini A hulinda macho na hupunguza vifo.

Na kuna mila nyingine ambazo tuziache. Wengine humnyima mtoto chakula. Wengine humfungia katika chumba chenye giza bila hewa. Wengine hukataa asioge. Wengine humpaka chang'aa mwilini. Mtoto mwenye ukambi anahitaji kinyume chake. Aoge. Ale kidogo kidogo mara nyingi: uji wenye maziwa, yai, ndizi, mboga zilizopondwa. Anyonye zaidi. Anywe maji safi, na akihara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

(Muziki mfupi)

Kabla sijamaliza, jambo moja zaidi. Kila ugonjwa una mlango wake. Ukambi huingia kwa hewa, kwa hiyo tunatenga wagonjwa na kuchanja. Kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji na chakula chenye uchafu. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 ulitufundisha tena kwamba hata sherehe ya harusi inaweza kuwa mwanzo. Huko tunahitaji choo, maji yaliyochemshwa, na jerikeni ya kunawia mikono, yenye sabuni, karibu na choo.

Na sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon tunajua habari za Marburg. Mwaka wa 1980 na mwaka wa 1987, watu wawili waliotembelea pango la Kitum waliugua ugonjwa huo wakafariki. Mwaka wa 2017, ng'ambo ya mlima, wilaya ya Kween nchini Uganda, ndugu watatu wa familia moja walikufa. Marburg haiingii kwa hewa kama ukambi. Huingia kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, au mwili wa marehemu. Mtu akiwa na homa kali, akitapika au kutoka damu, na ametoka mahali penye mlipuko, usimguse na usimwoshe. Ita mhudumu wa afya.

Turudi bomani. Baada ya mtoto wa mwisho kutokwa na vipele, tulihesabu siku. Ukambi tunasema umekwisha zikipita siku 42 bila mgonjwa mpya. Siku ya 42 kengele ilipigwa tena. Mama yule niliyemgombeza ndiye aliyeipiga. Leo yeye ndiye anayeandika majina ya watoto wa boma na kuwakumbusha wenzake siku za kliniki. Akinipata mjini, huniita kwa sauti, "Sista, hujambo?" Nami humjibu kwa furaha kubwa.

Mama, kama ulishawahi kugombezwa kliniki, kwa niaba ya wauguzi wenzangu nakuomba radhi. Rudi. Kama kijitabu kimepotea, rudi hivyo hivyo. Mtoto wako ana haki yake.

Mambo ya kukumbuka

1. Chanjo ya ukambi ni mara mbili: miezi 9 na miezi 18.
2. Homa, kikohozi, macho mekundu na vipele: mtenge mtoto, toa habari siku hiyo hiyo.
3. Usitie kitu machoni. Mpeleke apate vitamini A.
4. Kimbia hospitali mara moja, hata usiku, kama mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, anashikwa na degedege, anapumua haraka, ana vidonda vingi mdomoni, au jicho lina ukungu.
5. Msaidie mwenye mgonjwa, ili asiwe na sababu ya kuficha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, nani anajua watoto ambao hawajapata chanjo ya miezi 18?
2. Mgonjwa akitokea usiku, ni gari au pikipiki ya nani itatumika, na nani atalipa mafuta?
3. Ni kitu gani kinachoweza kumfanya mama wa hapa kwetu afiche mtoto mgonjwa? Tutakiondoaje?



(Muziki wa kufunga)