Jina Jema Mbele ya Wasioamini

(Mada iliyotolewa kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Usharika unapotimiza miaka 100, vitabu vya kanisa hutoa ushuhuda wake: idadi ya waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa na waliozikwa. Ushuhuda huo ni wa thamani, lakini umeandikwa na Usharika wenyewe. Mtume Paulo anadai na ushuhuda wa pili. Katika 1 Timotheo 3:7 anaagiza kwamba mwangalizi wa Kanisa awe mtu anayesemwa vema hata na wasio wa Kanisa. Hivyo jirani asiyeingia kanisani naye anaitwa kuwa shahidi.

1. Ushuhuda kutoka Bithinia

Mtume Petro aliwaandikia waamini waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia (1 Petro 1:1). Aliwasihi waenende vema kati ya watu wa mataifa, ili hao waliowasingizia uovu wayaone matendo yao na kumtukuza Mungu (1 Petro 2:12). Bithinia na Ponto zilikuwa kaskazini mwa nchi iitwayo leo Uturuki. Yapata mwaka 112, liwali wa Kirumi wa jimbo hilo, Plinius, alimwandikia Kaisari Trajan barua kuhusu Wakristo aliowahoji. Liwali huyo hakuwa rafiki wa Kanisa. Walioshikilia kukiri imani yao hata alipowauliza mara ya tatu aliamuru wauawe, isipokuwa raia wa Rumi, ambao aliwaandikia wapelekwe Rumi.

Miongoni mwa waliohojiwa walikuwapo waliosema kwamba walikuwa Wakristo zamani lakini wameacha, baadhi yao kwa muda wa miaka kama 20. Mtu aliyeliacha Kanisa, tena anayesimama mbele ya hakimu mwenye uwezo wa kumwua, ana kila sababu ya kulisema vibaya. Lakini hao walieleza kwamba Wakristo walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, na kujifunga kwa kiapo kwamba hawataiba, hawatanyang'anya, hawatazini, hawatavunja ahadi, wala hawatakana amana mwenyewe anapoidai. Plinius hakutosheka. Akawatesa vijakazi wawili waliokuwa watumishi katika Kanisa ili apate ukweli. Hakupata uhalifu wowote, ila imani ambayo yeye aliiita ushirikina uliopita kiasi.

Neno hilo la amana linastahili kutafakariwa. Kutunza amana hakuhitaji kipawa cha kuhubiri. Amana ni fedha ya jirani, shamba la yatima, mchango wa msiba, ujira wa kibarua. Waamini wa Bithinia walijulikana kwa mambo ya namna hiyo, na aliyewaacha miaka 20 nyuma alikuwa bado anayakumbuka.

2. Wema kwa watesi

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu, na Wakristo waliokataa waliteswa. Baada ya muda mfupi, maradhi ya kuambukiza yaliukumba mji wa Karthago, katika Tunisia ya leo. Shemasi Pontius, aliyeandika habari za Askofu Cyprian, anasimulia jinsi watu walivyowakimbia na kuwatelekeza jamaa zao, na maiti zikalala barabarani. Cyprian aliwakusanya Wakristo akawafundisha kwamba kuwahudumia walio wao tu si jambo la ajabu, kwa kuwa hata watoza ushuru hufanya vivyo hivyo. Iliwapasa kuwapenda na adui zao pia. Kila mmoja akapewa wajibu kwa kadiri ya hali yake, na maskini asiye na fedha akatoa nguvu zake.

3. Mpaka wa jina jema

Jina jema halikumwokoa Cyprian na upanga. Aliuawa tarehe 14 Septemba 258. Wala halimpatii mtu haki mbele za Mungu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linafundisha katika kifungu cha 4 kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani, na katika kifungu cha 6 kwamba imani hiyo imepasa kuzaa matunda mema. Tena Bwana Yesu anaonya juu ya kusifiwa na watu wote (Luka 6:26). Mkristo hanyamazi mbele ya dhuluma ili apendwe. Adui za Danieli walimtafutia kosa wasilione, ila katika sheria ya Mungu wake (Danieli 6:5). Huo ndio mpaka.

Hitimisho

Wageni wengi wataalikwa kwenye sikukuu ya miaka 100, na miongoni mwao watakuwapo wasioamini. Yupo mwenye duka anayejua ni mzee gani wa kanisa halipi deni. Yupo kibarua aliyelima shamba la mwanakwaya na hajalipwa. Hao watausikia wimbo, lakini wataupima kwa deni lao. Bwana alimwagiza aletaye sadaka atangulie kupatana na ndugu yake (Mathayo 5:23-24). Basi, kabla ya kengele ya sikukuu kulia, aliyeshika amana ya jirani na airudishe.

Amina.