Makato Yanayoonekana na Yasiyoonekana: Tanzania na Kenya



Nimeombwa nizungumzie gharama za huduma za fedha katika nchi hizi mbili. Ada ya mwezi ya akaunti nitaipita, maana wateja wetu wengi hawaendi kupanga foleni benki. Benki yao ni wakala aliyekaa chini ya mwavuli, na hapo ndipo wanapokatwa.

Nchini Kenya, kwa viwango vya M-Pesa vilivyofuata Sheria ya Fedha ya 2023, anayetoa shilingi 200 kwa wakala hukatwa 29. Anayetoa 2,500 hukatwa 29 hizo hizo. Wa kwanza ameacha asilimia 14.5 ya fedha yake kibandani. Wa pili asilimia moja na ushee. Ndani ya hizo 29 mna ushuru wa serikali, karibu shilingi 4, lakini ujumbe unaoingia kwenye simu humtajia mteja gharama moja tu. Mwaka 2023 ushuru huo ulipopanda kutoka asilimia 12 ya ada hadi 15, kelele nyingi zilielekezwa kwenye mafuta na makato ya nyumba.

Tanzania mambo yalikwenda vingine. Julai 2021 serikali ilileta tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya ada ya kampuni. Ujumbe wa simu ukaitaja tozo ya serikali peke yake, kando ya ada. Kila mtu akajua nani kamkata nini, na vijiweni hapakuwa na mada nyingine. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000, ila safari hii tozo ikaingia benki: mtumishi ambaye mshahara wake ulishakatwa kodi akakatwa tena alipouhamishia kwenye simu. Hilo halikudumu, kuanzia Oktoba 1, 2022 kuhamisha kati ya benki na simu kukaondolewa tozo, na kutoa kwenye ATM kisichozidi 30,000 kukasamehewa.

Tusidhani basi kwamba Mtanzania alikuwa na nafuu. Aliumia zaidi, na miamala ilipungua kweli. Lakini alikuwa na pa kushika alipolalamika. Mwenzake wa Kenya hulipa kimyakimya, na wote wawili wamezoea kuombwa na ndugu, “tuma na ya kutolea”, kwa hiyo anayesaidia hubeba makato ya pande zote mbili.

Wenye mabenki na kampuni za simu hunijibu kwamba kumhudumia mwenye 200 kuna gharama ile ile ya kumhudumia mwenye 2,500: wakala anataka kamisheni, na fedha taslimu lazima ziwepo. Nakubali, kwa upande wa ada. Ushuru hauna wakala wala kibanda. Kwa kuwa hutozwa juu ya ada, mwenye 200 humlipa mkusanya kodi karibu asilimia 2 ya fedha yake, na mwenye 2,500 hafikishi hata robo ya asilimia moja. Hesabu hiyo ni ya Hazina, si ya benki, na Hazina ndiyo inayopaswa kuieleza.