Matajiri Wanaoikimbia Kodi



Jioni hii twataka kusema nanyi juu ya matajiri wa Ulaya wanaofunga mizigo yao na kuhamia nchi zisizotoza kodi ya mapato. Wako mawakili na wahasibu ambao kazi yao yote ni kuwapangia safari hiyo: hisa ziuzwe lini, nyumba ya zamani ifanywe nini, na kila mwaka bwana alale siku ngapi wapi. Wala si wizi. Sheria yaruhusu, na ndiyo maana yatupasa kuitazama sheria yenyewe.

Chukueni Monaco. Ni nchi ya maili moja ya mraba haitimii, bahari mbele, Ufaransa pande nyingine zote. Katika mwaka 1869 mtawala wake, Charles wa Tatu, aliwafutia watu wake kodi, kwa kuwa nyumba ya kamari ya Monte Carlo ilikuwa ikileta fedha za kutosha. Wafaransa wenye mali wakatambua kwamba kutoka Nice mpaka huko ni mwendo mfupi tu. Wakahamisha anwani zao. Biashara zao nyingi zilibaki Ufaransa, zikipita katika barabara za Ufaransa, zikiajiri vijana waliosomeshwa na Ufaransa; kilichovuka mpaka ni faida.

Jenerali de Gaulle akachoka. Usiku wa 12 Oktoba 1962 maofisa wa forodha wa Kifaransa waliweka vizuizi njiani na kuyasimamisha magari yaliyoingia na kutoka. Hakuna bunduki iliyolia. Mtawala Rainier wa Tatu alilazimika kuzungumza, na tarehe 18 Mei 1963 mkataba ulitiwa sahihi. Mfaransa asiyeweza kuonyesha kwamba kufikia 13 Oktoba 1962 alikuwa amekwisha kaa Monaco miaka mitano, atalipa kodi Ufaransa kana kwamba hakuhama. Makampuni yanayopata zaidi ya robo ya mapato yao nje ya Monaco nayo yakaanza kutozwa kodi ya faida. Hata leo Mwitaliano aliyepanga ghorofa ya tatu halipi kodi ya mapato Monaco, lakini Mfaransa wa ghorofa ya nne anailipa Ufaransa!

Basi wasemao kwamba serikali haina la kufanya mbele ya tajiri anayehama, waulizeni habari za vizuizi vile.

Siku hizi wengi hukimbilia Dubai. Uingereza, tarehe 6 Aprili 2025, iliufuta utaratibu wa zamani uliowasamehe kodi ya mapato ya nje wakazi waliohesabiwa kuwa kwao ni kwingine, na kelele za kuhama zikawa nyingi. Lakini kuhama si kukata tikiti. Aliyekuwa mkazi wa Uingereza, akiacha huko mke, nyumba na kazi, aweza kuhesabiwa mkazi bado kwa kurudi siku chache sana, pengine 16 tu katika mwaka. Akiuza hisa alizoondoka nazo, kisha akarejea kabla ya miaka mitano kutimia, faida ile hutozwa kodi. Kodi ya urithi yaweza kumfuata hata miaka 10. Na nyumba aliyoiacha ikipangishwa, kodi ya pango lake hulipwa Uingereza, yeye awe Dubai au mwezini.

Mpango mzuri, kwa hiyo, ni wa mtu anayehama kweli: watoto wanasoma huko, daktari wake yuko huko, rafiki zake wako huko. Asiyetaka hayo anataka hospitali za kwao na kodi za ugenini, na muuguzi wa hospitali ile, ambaye kodi yake hukatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi, ndiye anayebaki kuujaza mfuko.

Nako Dubai serikali haiishi kwa upepo. Januari 2018 nchi za Falme za Kiarabu zilianza kutoza asilimia 5 juu ya bidhaa nyingi zinazouzwa, na Juni 2023 asilimia 9 juu ya faida za makampuni inayozidi dirham 375,000. Mshahara haukuguswa. Mwashi aliyekwenda huko kujenga maghorofa, akinunua sabuni, hulipa asilimia 5 ile ile anayolipa bwana aliyejengewa.

Sasa tupo tayari kwa maswali yenu.