Msumeno Bora, Kiungo Imara: Mada kwa Mafundi Seremala wa Karakana Ndogo



1. Utangulizi

Kiti kikilegea mapema, lawama huangukia gundi au mbao mbichi. Ni kweli mbao mbichi husinyaa, na gundi iliyokaa dukani muda mrefu haishiki. Lakini kibomoe kiti hicho, uchomoe ulimi kwenye tundu lake na kuutazama vizuri. Mara nyingi utakuta ulimi ni mwembamba kuliko tundu, mashavu yake yana mawimbi, na bega limekatwa mshazari. Makosa hayo yalianzia kwenye msumeno. Hoja yangu leo ni kwamba msumeno ndio unaoamua uimara wa kiungo, kabla hata patasi haijashikwa, na kwamba kila karakana inapaswa kuwa na msumeno wa viungo pekee.

2. Kosa dogo, pengo kubwa

Tuchukue ubao wa mninga wenye unene wa milimita 36. Kwa kanuni ya kawaida, ulimi huwa theluthi ya unene huo, yaani milimita 12. Msumeno ukiingia ndani ya mstari kwa nusu milimita kila upande, unabaki na ulimi wa milimita 11 ndani ya tundu la 12. Gundi nyeupe ya mbao hushika pale nyuso mbili zinapogusana na kubanwa. Haina nguvu ya kujaza pengo. Wengi wetu huchanganya gundi na unga wa mbao, tukaziba, tukapiga msasa na vanishi. Macho ya mteja hayaoni kitu, lakini kiti kikianza kukaliwa na kuegemewa, kile kizibo hupasuka na kiungo hucheza.

3. Msumeno wa kila kazi una mipaka yake

Msumeno mpana wenye meno 7 au 8 kwa inchi umetengenezwa kukata mbao kwa haraka. Bamba lake halina mgongo, hivyo hupinda ukilisukuma. Meno yake makubwa hung'oa nyuzi badala ya kuzikata safi. Mpindo wa meno, yaani namna yanavyoinamishwa kulia na kushoto kwa zamu, ni mkubwa, kwa hiyo njia ya msumeno huwa pana na bamba huyumba humo ndani.

Ule wa bei ya chini mara nyingi una tatizo la ziada: mpindo wake hauko sawa. Meno ya upande mmoja yakitokeza zaidi, msumeno huvutwa upande huo. Kijana anayejifunza hudhani mkono wake ni mbaya, kumbe ni zana.

4. Sifa za msumeno wa viungo

Kwanza, uwe na mgongo wa chuma au shaba unaolishika bamba jembamba lisipinde. Misumeno ya Kijapani hukata unapovuta, na kwa sababu bamba halisukumwi, huweza kuwa jembamba hadi karibu milimita 0.3.

Pili, meno yawe madogo: 10 hadi 14 kwa inchi kwa kukata ndimi, na 15 hadi 20 kwa viungo vidogo vya mkia wa njiwa, kama vile vya droo.

Tatu, umbo la meno lilingane na kazi. Mashavu ya ulimi hukatwa kwa kufuata nyuzi, na hapo yanafaa meno ya kupasua, ambayo makali yake yamekaa bapa. Bega hukatwa kwa kukingama nyuzi, na hapo yanafaa meno yaliyonolewa ubavuni yakawa na ncha, ili yakate nyuzi kabla ya kuziondoa. Ukikata bega kwa meno ya kupasua, ukingo huchanika.

5. Kuchagua na kutunza

Ukiwa dukani, inua msumeno usawa wa jicho, uelekeze kwenye mwanga, kisha tazama meno kutoka kwenye mpini hadi ncha. Mistari miwili ya meno iwe imenyooka na ilingane. Ushike mpini kama unavyoshika kazini. Mpini usibane vidole wala kuyumba mkononi. Tazama pia rangi ya meno: yakiwa na weusi wa bluu huku bamba ni jeupe, yamekazwa kwa moto. Hayo hukaa na makali muda mrefu, lakini tupa haiyaingii. Yakiisha makali, msumeno umekwisha. Kwa karakana ndogo, afadhali ule unaonoleka kwa tupa ya pembe tatu.

Msumeno unaovuta upande mmoja hutibika. Ulaze juu ya benchi, upande unakovutwa ukiwa juu, upitishe jiwe laini la kunolea mara moja ubavuni mwa meno, kisha jaribu kwenye kipande cha mbao. Usizidishe. Ukimaliza kazi, futa bamba kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa ninyi wa pwani, ambako kutu haichelewi.

6. Hitimisho na mapendekezo

Rahisi huvunja upishi, na katika useremala hasara yake hulipwa kwa mninga uliotupwa na mteja asiyerudi. Napendekeza mambo matatu. Kila karakana inunue angalau msumeno mmoja wenye mgongo, usitumiwe kukata mbao za paa wala zenye misumari. Kila fundi ajifunze kunoa na kupanga meno kwa mkono wake. Na walimu wa ufundi wampe mwanafunzi msumeno mkali tangu siku ya kwanza, kwa sababu hawezi kujifunza kufuata mstari kwa zana isiyoweza kuufuata.