HITA YA GESI ISIYO NA DOHANI: NYUMBA NA IPATE HEWA



Kila mwaka, tangu mwezi wa Juni hata Agosti, baridi huishukia nchi ya milimani: Limuru, Kinangop, Molo na Nyahururu, na mji wa Nairobi nao hupata sehemu yake. Zamani jiko la makaa ndilo lililoingizwa ndani ili watu waote moto. Siku hizi wako wenye nyumba walionunua hita ya gesi, nayo ni kabati la bati lenye magurudumu, mtungi wa kilo 13 ukikaa nyuma, na vigae vyekundu vikiwaka mbele. Hita hii haina dohani. Kila kitokacho katika moto wake hubaki chumbani pamoja na watu.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya moto. Hewa safi ina sehemu 21 za oksijeni katika kila sehemu 100. Hita ya kilowati 4 na kidogo huchoma karibu gramu 300 za gesi kwa saa. Chumba cha meta 3 kwa 3, chenye kimo cha meta 2 na nusu, kikizibwa kabisa, oksijeni yake itashuka chini ya sehemu 18 kabla ya saa moja kutimia. Katika saa hiyo hiyo moto hutoa mvuke wa maji karibu nusu lita. Basi mwenye nyumba aonaye vioo vya dirisha vikitiririka maji na kuta zikiota kuvu, na ajue kwamba hewa ya chumba chake haitoki.

Hatari kubwa huja moto unapokosa oksijeni ya kutosha. Hapo huzaa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, wala harufu, wala ladha. Gesi hiyo huingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu izidiyo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata mwili ukakosa pumzi ingawa mtu anavuta hewa. Katika miaka ya 1890 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliichunguza sumu hiyo hata kwa kuivuta yeye mwenyewe, akawashauri wachimba makaa ya mawe washuke na wanyama wadogo, ambao hulemewa mapema kuliko binadamu. Ndege wadogo wa manjano walifanya kazi hiyo katika migodi ya Uingereza hata mwaka 1986.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, nazo hudhaniwa upesi kuwa malaria. Lakini sumu hii haileti homa. Tena, watu wa nyumba nzima wakiugua pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, shaka na iwe juu ya moto. Aliyelala huweza kufa pasipo kuamka.

Hita nyingine zina kifaa cha kuzima moto oksijeni ikishuka karibu na sehemu 18. Ni kinga njema, lakini kifaa hicho hakipimi kaboni monoksidi. Hita chafu, au yenye vigae vilivyopasuka, yaweza kutoa sumu wakati oksijeni ingali ya kutosha. Tena huko Limuru, penye kimo cha meta zipatazo 2,200, kila pumzi ina oksijeni pungufu karibu robo kuliko Mombasa. Yampasa mnunuzi asome katika maelezo kama hita yake yafaa mahali pa juu.

Kanuni za Marekani, ambako hita hizi ni nyingi, hutaka nafasi ya meta za ujazo 4.8 kwa kila kilowati moja. Chumba kilichotajwa juu kina 22.5, na hita yake yahitaji 20. Kwa hiyo chatosha kwa shida, tena ikiwa hewa yapita katika nyufa za kawaida. Chumba kikiwa kidogo kuliko hapo, hutakiwa matundu mawili ya kudumu yaelekeayo vyumba vya jirani, moja karibu na dari na jingine karibu na sakafu, kila moja lisipungue sentimeta 25 kwa 26.

Nyumba nyingi za mawe za Kenya zina matundu ya hewa juu ya dirisha. Lakini baridi ikija, watu huyaziba kwa magazeti na matambara. Husema, "Mbona tununue gesi ili kulipasha joto anga?" Neno hilo lina haki yake, maana gesi ni ghali. Lakini joto lipoteapo tunduni ni kidogo, nayo ni bei ya pumzi za watoto. Atakaye kupunguza gharama na awashe hita jioni watu wangali macho, kisha aizime kabisa kabla ya kulala na kutumia blanketi. Kifaa cha kupiga kelele kikinusa kaboni monoksidi nacho chafaa kununuliwa. Ndicho ndege wa mgodini wa siku hizi.

Jiko la makaa ni baya zaidi. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu hayana moshi, na kwa hiyo hudhaniwa salama. Kumbe ndiyo yatoayo sumu hii kwa wingi. Lisilazwe ndani kamwe, hata dirisha likiwa wazi.

Akikutwa mtu amezimia, milango na madirisha yafunguliwe, moto uzimwe, naye achukuliwe nje upesi, kisha apelekwe hospitali apewe oksijeni. Amwokoaye asikawie ndani, asije akaanguka yeye pia.

Basi usiku wa leo, kabla ya taa kuzimwa, kila mwenye nyumba na atazame juu ya dirisha lake. Akiona tambara tunduni, na aliondoe.