Mgongo Husomwa kwa Vidole

Leo nazungumza kwanza na vijana mnaosomea uuguzi, utabibu na tiba ya viungo, hasa ninyi mlioko Ilula, wilayani Kilolo. Lakini baba na mama mlioko nyumbani msizime redio, kwa sababu migongo na miguu tutakayoizungumzia ni yenu.

Ilula ina hospitali ya Kilutheri na chuo cha uuguzi, na iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Ni nchi ya nyanya na vitunguu. Kuna wanaoinama shambani tangu alfajiri, wapo wanaopakia matenga kwenye malori, na wapo majeruhi wa ajali za barabarani. Wengi wa watu hawa wakifika hospitali, wanachoonyesha ni kiuno, bega, goti au mguu. Ndiyo maana anatomia ya mgongo na viungo haifai kusomwa kwa ajili ya mtihani peke yake.

Mwanafunzi hukariri vizuri: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana chini. Mwambie sasa aweke kidole juu ya pingili ya nne ya kiuno kwenye mgongo wa mwenzake, na wengi husita. Kusita huko kunanihangaisha, kwani mgonjwa haji wodini na mchoro wenye mishale.

Basi fanyeni hivi leo jioni bwenini. Mwenzako ainamishe kichwa. Nundu inayochomoza chini ya shingo kwa kawaida ni pingili ya saba ya shingo. Anza kuhesabia hapo. Kisha shika kiuno chake kwa mikono miwili, vidole vikae juu kabisa ya mifupa ya nyonga, na vidole gumba vikutane mgongoni. Hapo mko kwenye pingili ya nne ya kiuno, au pengo lililo chini yake.

Mahali hapo pana maana kubwa. Kwa mtu mzima, uti wa neva unaopita ndani ya mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake hubaki mizizi ya neva inayoelea kwenye maji. Mama anayepelekwa kufanyiwa upasuaji wa kujifungua huchomwa sindano ya ganzi huko chini, mbali na mwisho wa uti. Akina mama wengi huogopa kwamba sindano ile itawapoozesha. Muuguzi anayempinda mama mgongo ili mapengo ya pingili yafunguke, huku akimweleza kwa nini mahali pale palichaguliwa, amefanya kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya.

Na msitenganishe mgongo na mguu kwa kuwa tu vitabuni viko katika sura tofauti. Mkulima akilalamika kwamba mguu unawaka moto kutoka takoni hadi kwenye unyayo, huenda diski ya kiunoni imetokeza na kubana mzizi wa neva. Mwambie ainue kidole gumba cha mguu huku wewe ukikizuia. Kikilegea, shuku mzizi wa tano wa kiuno. Gonga nyuma ya kifundo, juu ya kisigino; mguu usiporuka kama ule mwingine, shuku mzizi wa kwanza wa sakramu, yaani wa zile pingili zilizoungana chini ya kiuno. Kabla ya picha yoyote, mikono yako imeshaanza kuuliza maswali sahihi.

Sasa sindano ya takoni, na hapa nawasihi mnisikilize kwa makini. Neva ya siatiki, ambayo ndiyo nene kuliko zote mwilini, hutoka ndani ya nyonga na kushuka katikati ya tako kuelekea nyuma ya paja. Sindano ikichomwa hapo, mtoto aliyekuja na homa akitembea anaweza kurudi nyumbani akiburuza mguu. Madaktari wa Uganda wameandika kuhusu watoto waliolemaa hivyo baada ya kuchomwa dawa takoni, kwinini ikiwa miongoni mwazo. Tako la mtoto ni dogo, na neva haiko mbali na ncha ya sindano. Ndiyo sababu watoto wachanga huchomwa chanjo ya penta upande wa nje wa paja. Kwa mtu mzima, ikibidi iwe takoni, ligawe tako mara nne na uchague robo ya juu ya nje. Tena usikadirie kwa macho kupitia nguo iliyoshushwa nusu. Tafuta mfupa wa nyonga kwa kidole kwanza.

Wazazi, nanyi msimlazimishe mhudumu amchome mtoto sindano ya tako kwa kudhani kwamba vidonge au dawa ya maji havina nguvu.

Kwa majeruhi wa barabarani nina neno moja. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, usimnyanyue mtu kwa mikono na miguu na kumtupa kwenye gari. Pingili iliyovunjika inaweza kuukata uti wa neva wakati ule wa kunyanyuliwa. Shikeni kichwa, shingo na mgongo vikae mstari mmoja, watu kadhaa kwa pamoja, na mtumie ubao.

Ombi langu la mwisho nalipeleka kwenu mnaolazwa au kutibiwa Ilula na kwingineko. Mwanafunzi akija na msimamizi wake, akajitambulisha, akavuta pazia na kukuomba ruhusa ya kupapasa mgongo au goti lako, una haki ya kukataa. Ukiweza, mkubalie.