Mashua za Bwana wa Juja

Jina la Juja lajulikana sana kwa wakaao Thika na Ruiru, na vijana wengi siku hizi huenda huko kutafuta elimu katika Chuo Kikuu. Lakini ni wachache waliopata habari za mashua za Bwana William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuwa na shamba kubwa huko Juja, na ambaye mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani.

Kabla ya kuwa mkulima, Bwana McMillan alikuwa msafiri. Mwaka 1903 alikwenda Ethiopia kwa nia ya kuteremka Nile ya Buluu kwa mashua za chuma mpaka Sudan. Mwenziwe, Mnorwe aitwaye Jessen, alitokea upande wa Khartoum ili wakutane njiani.

Mto huo hutoka Ziwa Tana, kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, kisha hupita katika bonde ambalo mahali pengine kina chake chapita mita 1,000, lenye mawe makali na maporomoko. Mwezi Juni, wakati mvua za Ethiopia zinapoanza, mashua zilishushwa majini. Hazikufika mbali, maji yalizitupa juu ya mawe zikaharibika, na safari ikakoma. Jessen naye akazuiwa na maporomoko.

Mwaka 1915 barafu ya Ncha ya Kusini iliivunja Endurance, meli ya Shackleton. Lakini mabaharia wake walikuwa wameokoa mashua ndogo, mahema na chakula, na watu wote 28 wakaokoka. Mmoja wao, Frank Wild, baadaye alilima pamba Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Mwaka 1968 askari Waingereza pamoja na Waethiopia waliujaribu tena mto ule. Walikuwa na mashua za mpira zilizojazwa upepo, ndege na simu za upepo. Walipita sehemu kubwa ya mto, na hata hivyo mtu mmoja alichukuliwa na maji.

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Ushujaa wa nahodha haupunguzi nguvu za mto. Aulizwe kwanza atafanya nini chombo kikivunjika, maana roho za mabaharia zi mikononi mwake.

Bwana McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa Kilimambogo, mlima uonekanao kutoka Juja.